POP, kuvutwa mguu au vyuma? Angalia kiungo kabla hujaamua

Nianze na kitu ambacho ndugu wengi wa wagonjwa hawaambiwi: POP, ile plasta nyeupe ngumu, haiungi mfupa, chuma hakiungi mfupa, na yule mzee wa majani kule juu, mganga wa mifupa wa kienyeji, naye haungi mfupa. Mfupa unajiunga wenyewe. Hivyo vingine vyote kazi yake ni kuushikilia utulie mahali pake wakati unafanya kazi yake. Sasa kama anayeunga ni mwili, na muda wa kuunga haupishani sana iwe umefungwa au umepasuliwa, pale kwenye benchi nje ya wodi tunapobishana "afungwe tu" au "apasuliwe" tunachagua nini hasa? Mi nafanya kazi ya mazoezi ya viungo hapa Moshi, napokea watu baada ya daktari wa mifupa kumaliza ya kwake, na jibu langu ni hili: tunachagua goti. Au kiwiko, au nyonga, inategemea pamevunjika wapi. Mfupa mara nyingi utaunga kwa njia zote mbili, ila kiungo kilicho jirani na pale palipovunjika ndo kinalipa bei tofauti kabisa.

Ili nieleweke inabidi turudi nyuma kidogo, tumboni kwa mama. Mtoto haanzi na mifupa. Mifupa mirefu ya mikono na miguu inaanza ikiwa gegedu tupu, ile kitu nyeupe laini unayoikuta mwisho wa mfupa wa mbuzi ukiwa unakula nyama choma, afu kuanzia kama wiki ya 8 ya mimba mishipa ya damu inaingia katikati ya hilo gegedu, inakuja na seli zinazojenga mfupa, madini yanaanza kukaa na gegedu linageuka mfupa kidogo kidogo kuelekea kwenye ncha. Fuvu ni tofauti, ile mifupa bapa ya kichwa haipitii hatua ya gegedu, inajengeka moja kwa moja kwenye utando, na mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani, nao sehemu yake kubwa ni hivyo hivyo, tena mtulinga ndo unaotangulia mifupa yote kuanza na bado ni kati ya ile inayochelewa kabisa kumaliza, mpaka mtu ana miaka 20 na kitu. Mtoto anazaliwa na vipande karibu 300, mtu mzima anabaki na mifupa 206. Haijapotea, imeungana.

Mtoto anapokua, karibu na ncha za mifupa linabaki tabaka jembamba la gegedu na hapo ndo urefu unapotoka. Kwa wasichana linafunga kwenye miaka 14 mpaka 16 hivi, wavulana 16 mpaka 18. Gegedu halionekani kwenye eksirei, kwa hiyo mzazi akiinua ile picha kuelekea dirishani anaona mstari mweusi umekata mfupa karibu na kifundo, roho inamruka, "mbona na hapa pamevunjika na daktari hajasema?" Hilo swali naulizwa sana. Sio ufa baba, hapo ndo mtoto anaporefukia. Na ndo maana pakivunjika hapo hapo, kwenye lile tabaka, madaktari wanakuwa makini kuliko kawaida, maana likiharibika mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda kadri mtoto anavyokua.

Mfupa wenyewe ukitaka kuuelewa fikiria nyumba ya fito na udongo. Kolajeni, ambayo ni protini, ndo fito zinazofanya mfupa uvumilie kupindishwa kidogo bila kukatika, na madini ya kalsiamu na fosfeti ndo udongo unaobeba uzito. Tofauti ni kwamba hii nyumba haijawahi kumalizika kujengwa, kuna seli zinabomoa na seli zinajenga kila siku, kwa mtu mzima karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote inabadilishwa kila mwaka. Na seli hizo zinajenga kufuata uzito unapopita. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika hilo mwaka 1892 na mpaka leo ndo msingi wa sisi kumwambia mtu akanyage mguu wakati yeye bado anaogopa. Mfupa usiobebeshwa kitu unapungua. Ulale miezi miwili kitandani, mifupa inapungua hata kwenye ule mguu mzima.

Ukivunjika mwili unarudia karibu kile kile ulichofanya tumboni. Damu inamwagika kwenye ufa inaganda, siku za mwanzo ni uvimbe na maumivu, kufika wiki ya 2 au ya 3 pameshajengeka gegedu laini linaloshika zile pande mbili, afu madini yanaingia na kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 12 linakuwa mfupa mgumu ila umevimba vimba, unauona kwenye picha kama wingu jeupe, baada ya hapo inakuja kazi ndefu ya kuchonga ule uvimbe urudi kwenye umbo, hiyo ni miezi, wengine miaka. Mkono wa mtu mzima weka wiki 6 mpaka 8, mguu weka 12 na kuendelea, mtoto karibu nusu ya hapo. Hakuna njia kati ya hizi ninazozilinganisha inayofupisha hiyo ratiba kwa maana. Anayekuambia fupa la paja la mtu mzima litakuwa limeunga baada ya wiki mbili anakudanganya, hata kama ana nia njema.

Sasa njoo kwenye kiungo, maana hapa ndo penye kesi. Goti, kiwiko, bega, nyonga, vyote hivi ni viungo vyenye ute. Ncha za mifupa zimefunikwa gegedu linaloteleza, kwenye goti ni milimita chache tu, kuna mfuko umezunguka kiungo chote, ndani ya mfuko kuna ute kidogo sana. Lile gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute, na ute unaingia na kutoka pale unapokunja na kukunjua, unapokanyaga na kuachia. Kwa hiyo kiungo kisichotembea kinakaa na njaa, sio maneno ya kutisha, ndo utaratibu wake ulivyo. Kikiwa kimefungwa wiki kadhaa ule mfuko unasinyaa, nyuzi zinashikana ndani, misuli inakonda, na paja linakonda haraka mno, wiki mbili tu ukipima kwa futi ya fundi cherehani unaona tofauti. Kiwiko ndo kinachokaza vibaya kuliko vyote. Kuna watu nimewaona mfupa umeunga safi kabisa kwenye picha ila mkono haufiki mdomoni.

Na POP ina sheria moja ambayo watu hawaijui: ili ishike mfupa vizuri mara nyingi inabidi ikamate kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Umevunjika katikati ya muundi, ule mfupa kati ya goti na kifundo, POP inaanzia juu ya goti mpaka kwenye vidole. Ina maana goti na kifundo, ambavyo havikuumia, vinafungwa pamoja na kilichoumia. Daktari wa jeshi la Uholanzi anayeitwa Antonius Mathijsen ndo aliyetoa zile bandeji za plasta mwaka 1851 na zimeokoa miguu isiyohesabika, mimi siidharau POP hata kidogo, ila hiyo ndo bei yake. Chuma bei yake ni nyingine: unapasuliwa, kuna ganzi, kuna uwezekano wa usaha, na usaha ukiingia kwenye mfupa ni safari ndefu sana, kuliko kukakamaa kwa goti. Hapo ndo mizani ilipo. Upande mmoja kiungo kukaza na mfupa kuunga ukiwa umepinda, upande wa pili kisu na wadudu.

Nianze na fupa la paja la mtu mzima maana ndo linalojaza wodi zetu, bodaboda za barabara ya Himo na ya Boma Ng'ombe zinaleta watu kila wiki. Hapa kufunga POP ya kawaida haiwezekani, maana ingebidi ikamate nyonga na goti, yani kiuno chote. Kwa hiyo chaguo lililobaki ni kuvutwa au chuma. Kuvutwa, wengine wanaita kuwekewa mawe, wanapitisha kipini kwenye mfupa chini ya goti, kamba, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, na unalala hapo wiki 6 mpaka 12. Chuma ni fimbo inayoingizwa ndani ya uwazi wa mfupa, kule kwenye uboho, Gerhard Küntscher wa Ujerumani ndo aliyeianzisha mwaka 1939, na siku hizi inafungwa na skrubu juu na chini ili mguu usizunguke wala usifupike.

Ukiweka hivi viwili ubavu kwa ubavu, kwa mtu mzima mwenye afya na hospitali yenye thieta nzuri, yani chumba cha upasuaji, sioni mjadala. Wa kuvutwa mfupa utaunga ndio, ila mara nyingi mguu unabaki mfupi kidogo au umezunguka, goti limekaza, paja limekonda, na huko kitandani kuna vidonda vya mgongo, kuna damu kuganda kwenye mishipa, kuna nimonia. Wa chuma siku ya pili au ya tatu tunamsimamisha na magongo. Siku ya pili! Na wiki ile ile tunaanza kukunja goti akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mzima unausaidia ule mgonjwa kushuka taratibu, anauma meno, nahesabu naye, tunapumzika, tunarudia. Na ule mzigo mdogo unaopita kwenye ufa kila akikanyaga unausaidia mwili ujenge, maana kwa fimbo ya ndani mfupa unatikisika kidogo sana na huo mtikisiko kidogo ndo unaoamsha seli. Ukizidi unaharibu, usipokuwepo kabisa nao unachelewesha kwa aina hii ya chuma.

Watu wanasema vyuma ni gharama. Kweli. Ila piga hesabu yote, usipige ya thieta peke yake. Miezi miwili na zaidi kitandani, mtu wa kumletea chakula na kumgeuza kila siku, nauli toka Kibosho au Rombo kila siku, kazi imesimama, kama ni dereva au mama wa sokoni Mbuyuni biashara imeshakufa mpaka anatoka. Wenye bima waulize mapema inagharamia nini, sio siku ya kuruhusiwa. Na muulize daktari kuhusu chuma cha SIGN, hiki kinatolewa na shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, kimetengenezwa makusudi kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya thieta, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamekitumia miaka mingi. Sio kila hospitali wanacho ila kuuliza hakugharimu.

Kuvutwa kuna pahali pake lakini. Ni pale thieta haipo tayari, mgonjwa hawezi ganzi kwa sasa, au anasubiri rufaa. Hapo kunatuliza maumivu na kunazuia mfupa usipandane. Kama hospitali uliyopo haina uwezo wa chuma na una uwezo wa kuhamishwa kwenda kubwa, KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, ipo toka 1971 na inapokea kanda yote hii, basi omba kuhamishwa mapema, usingoje wiki ya 4 ndo uanze kuuliza, maana ikifika hapo mfupa umeshaanza kuunga vibaya na upasuaji unakuwa mgumu zaidi.

Muundi sasa. Hapa POP inarudi kwenye mchezo kwa heshima zote. Kama ngozi haijachanika, mfupa haujahama sana na mguu haujafupika, POP inafanya kazi nzuri, na kuna ujanja wa kuokoa goti: baada ya wiki chache za POP ndefu daktari anaweza kubadilisha kuweka fupi inayoishia chini ya goti, Augusto Sarmiento aliandika kuhusu hiyo mwaka 1967, mgonjwa anakunja goti na anakanyaga huku muundi umeshikwa. Uliza hilo swali kwa maneno haya haya, "POP fupi anaweza kuwekewa lini?" Watu wengi wanakaa na ile ndefu mpaka mwisho kwa sababu tu hawakurudi kliniki siku waliyopangiwa.

Kwa nini nang'ang'ania goti? Chukua maisha ya huku kwetu. Kutembea tu barabarani goti linahitaji kukunja kama nyuzi 60 hivi. Kushuka ngazi, au kushuka mteremko wa Uru au Old Moshi kipindi cha mvua njia ikiwa tope, inakaribia 90. Kuchuchumaa chooni ni zaidi ya 120. Mtu akiruhusiwa na goti la nyuzi 70 atatembea vizuri kwenye korido ya hospitali na kila mtu atafurahi, afu anafika nyumbani hawezi kutumia choo chake mwenyewe, hawezi kupanda Hiace imejaa, hawezi kuinama kwenye migomba. Hii ndo hasara ambayo haionekani kwenye eksirei.

Mfupa ulioingia ndani ya kiungo ni kesi nyingine kabisa na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kama ufa umepita mpaka kwenye lile gegedu, goti, kifundo, kiwiko, na umeacha ngazi, hata milimita mbili tatu, usikubali kufungwa tu kwa sababu ni rahisi. Gegedu halijirekebishi kama mfupa, halina damu ya kuleta mafundi. Ile ngazi itabaki inasaga kila unapokunja na baada ya miaka kiungo kinachoka, maumivu kila siku. Hapo vyuma vinawekwa kwa usahihi, mfupa unapangwa sawasawa kabisa na skrubu au bati, kile kipande bapa cha chuma, na kiungo kinaanza kutembezwa ndani ya siku chache. Chelewesha mwezi mmoja na nafasi hiyo inapotea.

Wazee. Bibi kateleza kihambani au bafuni, nyonga inauma, mguu umefupika umegeukia nje. Hiyo karibu kila mara ni shingo ya fupa la paja au jirani yake. Familia nyingi zinasema "ameshazeeka, tusimtese na kisu, tumlaze apumzike". Naelewa upendo uliomo humo, ila kulazwa ndo kunakomuua, nimonia, damu kuganda, vidonda. Mzee anahitaji kusimama kuliko kijana. Kama daktari anasema anaweza kuhimili ganzi, operesheni ifanyike siku hizo hizo za mwanzo, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili. Kwa maoni yangu hili ndo eneo ambalo huruma yetu inatupoteza zaidi.

Mtoto ni kinyume karibu chote. Mfupa wa mtoto unaunga haraka, na bora zaidi unajinyoosha wenyewe anavyokua, hasa ukiwa umevunjika karibu na lile tabaka la kukua na umepinda kuelekea upande ambao kiungo kinakunja. Dogo wa miaka 6 kaanguka kwenye mti wa parachichi, mkono umepinda kidogo, daktari anafunga POP afu anasema "hapa pako sawa" na baba anaona kabisa kwenye picha hapajanyooka, anataka vyuma, anataka kwenda Arusha kutafuta daktari mwingine. Tulia baba. Mwaka mmoja au miwili mbele unaweza usione kitu. Viungo vya watoto navyo havikazi kama vya wakubwa, wiki mbili tatu anakimbia tena. Hata paja, watoto wadogo wanavutwa wiki chache au wanafungwa POP ya kiunoni na inatosha, tena daktari anaweza kuacha mguu ufupike kidogo makusudi kwa sababu paja la mtoto likivunjika huwa linarefuka la ziada kama sentimita moja hivi. Kitu kisichojirekebisha ni mfupa uliozunguka, kidole cha mguu kinaangalia pembeni, hapo usikubali. Na kiwiko cha mtoto kikivunjika juu yake kidogo afu mfupa ukahama hiyo ni dharura, mshipa mkubwa wa damu unapita hapo hapo, nenda usiku huo huo.

Mtulinga nitapita haraka, kitambaa cha kutundikia mkono kinatosha kwa wengi, uvimbe utabaki unaonekana na hauna shida. Mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, nao unakubali kutundikwa na kushikiliwa vizuri kwa sababu bega linaruhusu kupinda kidogo bila kuharibu matumizi, ila kiwiko na vidole vianze kutembea mapema. Kigasha, yani kati ya kiwiko na kiganja, cha mtu mzima kikivunjika mifupa yote miwili kinaenda kwenye bati, kwa sababu ile mifupa miwili inazungukana unapogeuza kiganja na ikipinda kidogo tu huwezi tena kupokea chenji. Kifundo cha mkono, hasa kwa kina mama waliopita miaka 50, POP fupi inafanya vizuri na vidole vinabaki huru, vichezeshe kila saa.

Antena, ile ya vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, ni kwa ajili ya mfupa uliotoka nje na kidonda kichafu, ajali ya barabarani yenye tope na mchanga. Hapa kwanza ni kuoshwa thieta na kupewa antibiotiki haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache, mambo ya chuma gani yanafuata. Familia zinaiogopa kwa jinsi inavyoonekana ila inaacha goti na kifundo huru na inaruhusu kidonda kusafishwa. Tundu zinapoingilia pini zisafishwe kila siku kama ulivyoelekezwa.

Na wazee wa kienyeji. Najua wanaheshimika, najua wengine wana mikono mizuri na wanaenda nyumbani kwa mtu, hawana foleni, wanamsikiliza mgonjwa kuliko sisi. Mfupa uliovunjika bila kuhama utaunga kwake pia, kwa sababu unajiunga, ndo nilichosema mwanzo, na hapo ndo sifa inapotoka. Ila hana picha. Hajui kama ufa umeingia kwenye kiungo, hajui kama mfupa umehama, na kile kifungo cha vijiti kikikazwa mno damu inakosa njia, nimeona mkono wa mtoto umekatwa kwa sababu hiyo, mtoto aliyekuja na mvunjiko mdogo tu ambao POP ya wiki 4 ingetosha. Pia kule kuchua na kuvuta kila siku kunavunja lile gegedu laini linalojaribu kujengeka, na kwenye kiwiko kunaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli. Ukitaka kwenda, piga picha kwanza, afu amua ukiwa unajua kilichomo.

Vyakula naulizwa sana. Supu ya makongoro haiendi moja kwa moja kwenye ute wa goti, tumbo linaisaga kama protini nyingine, ila ni protini na mgonjwa wa mfupa anahitaji protini kwa hiyo anywe tu. Maziwa, dagaa, mayai, maharage, mboga, jua la asubuhi. Kinachochelewesha mfupa kwa uhakika ni sigara, hiyo iachwe siku ile ile, na ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa.

Chuma kikishaingia watu wanauliza kitatoka lini. Kwa mtu mzima kisiposumbua kinaweza kukaa maisha yote, hakiozeshi mfupa. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 wengi wanasikia maumivu pale, vaa nguo nzito, endelea kutembea. Watoto mara nyingi hutolewa kwa sababu wanakua. Mfupa usipounga baada ya miezi 6 mpaka 9 usikae nyumbani ukisema chuma kinashika, chuma kikibeba mzigo peke yake muda mrefu kinakatika, rudi na picha zako zote, hata zile za siku ya kwanza.

Na ukichagua POP, usiku wa kwanza ndo wa kukaa macho. Inua mguu au mkono juu ya mto. Vidole viwe vya moto, vyenye rangi yake, vinachezeka. Maumivu yakizidi kuongezeka badala ya kupungua, dawa haishiki, ukimnyoosha vidole analia, au vinakufa ganzi, usisubiri asubuhi na usisubiri tarehe ya kliniki, rudi hospitali saa hiyo hiyo POP ichanwe, hata kama ni saa nane usiku na inabidi umwamshe jirani mwenye gari.